Maji ya Kisima ni Mali ya Nani?

Mtu wa Kasomeno amechimba kisima uani kwake kwa jasho la siku nyingi. Mwezi wa Oktoba, mvua ikiwa bado, jirani anakuja na ndoo. Je, mwenye kisima ana haki ya kumwambia, «Maji haya ni yangu, nenda zako»?

Kabla ya kujibu, yafaa kujua maji yenyewe yalitoka wapi. Maji hufanyika kwa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1931 Harold Urey wa Marekani aligundua haidrojeni nyingine, yenye uzito maradufu, iitwayo deuteri. Katika gesi iliyozaa jua, deuteri ilikuwa kama atomu 1 kwa atomu 50,000 za haidrojeni; katika maji ya bahari ni kama 1 kwa 6,400. Iliongezekaje?

Jibu limeonekana katika mawingu makubwa ya gesi na vumbi, mahali nyota zinapozaliwa. Humo mna baridi kali, digrii 260 hivi chini ya sifuri. Katika joto, haidrojeni nzito na nyepesi huingia na kutoka kwa urahisi. Katika baridi ile, nyepesi hutoka, lakini nzito ikiisha kushika haiachii. Basi barafu inayoganda juu ya vumbi hupata deuteri nyingi, kama chapa ya mahali ilipofanyika. Mwaka 2014 Ilsedore Cleeves na wenzake walifanya hesabu, wakaona ya kuwa huenda hata nusu ya maji ya dunia ni ya zamani kuliko jua, lenye umri wa miaka milioni 4,600 hivi.

Basi mchimbaji ana nini kilicho chake? Shimo ni lake, kamba ni yake, taabu ni yake. Aweza kwa haki kuwataka majirani wamsaidie kununua kamba mpya, na kumkataza achafuaye kisima. Lakini maji hakuyafanya, aliyakuta.

Ni kweli, umri wa maji hautungi sheria. Hata yangalifanyika jana, kiu ya jirani ingalikuwa kiu. Lakini elimu hii huvunja kiburi cha asemaye «yangu». Kazi humpa mtu haki ya kushukuriwa na kusaidiwa. Haimpi haki ya kumnyima mwenye kiu kitu ambacho yeye mwenyewe alikipokea bure.