Mizani Iliyofunikwa

Muuza mchele apimapo bidhaa yake hupima mbele ya macho ya mnunuzi. Mizani ikifunikwa kwa kitambaa mnunuzi huondoka, hata kama muuzaji ni mwaminifu kuliko watu wote wa soko lile. Hamshitaki kwa wizi. Hukataa tu kupimiwa asichokiona. Nataka kuuliza kama haki hii ya mnunuzi wa mchele anayo pia mwenye nyumba apimwaye na kampuni ya bima.

Mahali ambapo swali hili limekuwa kubwa ni jimbo la California, katika Marekani. Tarehe 8 Novemba 2018 moto wa nyika uliuangamiza mji wa Paradise. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Januari 2025 moto ulikula Pacific Palisades na Altadena, huko Los Angeles. Kati ya misiba hiyo miwili makampuni kadha makubwa ya bima yalipunguza biashara yao jimboni: watu waliolipa ada miaka mingi bila kudai fidia walipata barua kwamba mkataba hautaendelezwa, na wengine ada zao zilipanda mno. Mtu alipouliza sababu, aghalabu alijibiwa kwamba nyumba yake ina alama kubwa ya hatari. Alama hiyo ilitoka katika hesabu za kompyuta zipimazo, kwa ramani na picha za angani, wingi wa miti na majani makavu, mwinuko wa ardhi, na wepesi wa magari ya zimamoto kufika. Nyumba moja huweza kupewa alama ya juu na kampuni hii, na ya chini na kampuni ile.

Nami ni mtoa alama kwa kazi yangu. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniletea karatasi yake ya mtihani akanionyesha, kwa adabu kubwa, kwamba nilisahau kujumlisha ukurasa wa mwisho. Alikuwa ameanguka kwa kosa langu. Niliona haya, lakini kilichonitisha baadaye ni wazo jingine. Kama chuo kingalikuwa na desturi ya kutorudisha karatasi, mimi ningaliendelea kujiona mwadilifu, naye angaliendelea kujiona mjinga.

Makampuni yana hoja, nayo si ya kupuuzwa. Hesabu hizo ni mali: zimegharimu fedha na akili za wataalamu, na mshindani akizipata bure, nani atatunga nyingine bora? Nakubali. Lakini mwalimu aweza kuficha maswali ya mtihani ujao bila kuficha alama za mtihani uliopita na sababu zake. Ufundi wa kutengeneza kipimo ni mali ya aliyekitengeneza. Hukumu iliyokwisha kutolewa juu ya nyumba ya fulani, fulani ana fungu lake ndani yake.

Mwaka 2022, chini ya Kamishna wa Bima Ricardo Lara, jimbo lilitoa kanuni ikaribiayo mpaka huo: kampuni itumiayo alama hizo imjulishe mwenye nyumba alama yake, impe haki ya kuikatia rufani, na impunguzie ada aliyejikinga. Kujikinga huko si muujiza. Ni kuondoa vitu viwakavyo katika futi 5 za kuzunguka nyumba, kuezeka paa lisiloshika moto, kuweka wavu wa matundu madogo penye vipitisho vya hewa. Maana nyumba nyingi huwashwa na cheche zipeperushwazo na upepo, ndimi za moto wenyewe zikiwa bado mbali. Aliyeambiwa hayo ana kazi ya kufanya Jumamosi. Asiyeambiwa ana hofu tu.

Limebaki jambo ambalo halinipi raha. Iko nyumba iliyojengwa juu ya genge, msitu chini yake, na jirani asiyefyeka. Mwenyewe aweza kuonyeshwa kila tarakimu asiweze kuibadili hata moja. Wako wasemao kwamba kumweleza huyo ni kumwongezea huzuni bure. Sikubaliani nao, ingawa sifurahii kutokubali kwangu; kwani bado anao uamuzi mmoja, wa kukaa au kuhama, nao ni mzito mno kufanywa gizani. Laiti angaliambiwa siku ile alipokuja kukitazama kiwanja, fedha zake zikiwa bado mfukoni.