Mchungaji Aliyejua

Wapendwa wa Musoma, wapendwa wa Bunda na Butiama, sikilizeni kwanza habari ya mji uliopatwa.

Mimba zinaharibika. Ng'ombe wanafia machungani. Mazao yanakauka kabla ya kuzaa, na wanaozika wamechoka kuzika. Mtu wa Kanda ya Ziwa akisimuliwa hivyo, kabla msimulizi hajameza mate ameshauliza: ni nani? Hatuulizi ni nini. Tunauliza ni nani!

Ndivyo walivyouliza watu wa Thebe, huko Uyunani, katika kisa ambacho Sofokile alikitungia mchezo wa jukwaani zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na Samuel Mushi akatuletea kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Jibu lilitoka kwa mungu wao wa Delphi: mjini mna mtu aliyemuua mfalme wa zamani, mwondoeni, na tauni itaondoka. Edipode akasimama mbele ya watu wake akamlaani muuaji huyo popote alipo, hata kama anakula meza moja na mfalme. Kisha akaanza upelelezi. Mwisho wake mnaujua au mnauhisi. Yule mzee aliyempiga akafa njia panda, miaka ile, kwa ugomvi wa nani ampishe nani, ndiye alikuwa mfalme. Ndiye pia alikuwa baba yake. Na mjane aliyekabidhiwa pamoja na kiti, akazaa naye watoto, ndiye mama aliyemzaa yeye.

Sihubiri leo juu ya dhambi ya Edipode. Nahubiri juu ya miguu yake. Ilitobolewa vifundoni akiwa kichanga, hata jina lake likawa Mguu Uliovimba. Lakini miguu hiyo, ilipoiona njia ya upelelezi inakata kona kuelekea nyumbani kwake, haikugeuka! Mkewe alimsihi aache kuuliza. Hakuacha. Akaletwa mchungaji mmoja mzee, naye akalia asilazimishwe kusema. Akalazimishwa.

Huyo mchungaji msimsahau. Ndiye aliyepewa kile kichanga akakitupe mlimani, akakionea huruma. Ndiye pia aliyenusurika pale njia panda. Alimwona muuaji kwa macho yake. Na aliporudi mjini akamkuta muuaji ameketi kitini, hakupiga yowe. Aliomba jambo moja tu: apelekwe mbali, machungani, asiuone mji ule tena. Wakamkubalia. Mji mzima ulikuwa unakufa kwa tauni, na aliyejua alikuwa anachunga.

Ndugu zangu, shukeni Mwigobero asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Kila mvuvi atakwambia samaki wamepungua. Muulize kwa nini. Ataanza na wa ng'ambo, ataingia kwa serikali, atapita kwa jirani mwenye dawa ya ziwa. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipopita kanda hii ikichoma nyavu haramu, nyavu hizo zilitoka wapi? Kwa wa ng'ambo? Zilitoka stoo zetu. Zilitoka uvunguni mwa vitanda vyetu! Kokoro. Timba. Nyavu za macho madogo zinazomzoa sangara ambaye hajazaa hata mara moja. Tumemlaani muuaji wa ziwa kanisani na msikitini, kisha tumekwenda kulala juu ya ushahidi.

Nina shahidi wa pili, na huyu si wa hadithi. Anaitwa Max Planck, profesa wa Berlin, na mwaka ninaotaka kuusema ni 1900, huku kwetu Wajerumani hao hao wakiwa ndio wenye amri. Alipokuwa kijana akitaka kusoma fizikia, profesa mmoja wa Munich alimkatisha tamaa: karibu kila kitu kimeshagunduliwa, umebaki usafi wa kona. Wazazi mnaowaambia watoto wenu fizikia haina mpango, mnaye mwenzenu.

Swali la Planck lilikuwa la mhunzi. Chuma kikitiwa motoni huanza kuwa chekundu, kikageuka rangi ya chungwa, kikaelekea weupe. Kwa nini huanza na wekundu? Mbona hakianzi na buluu? Kila aliyewahi kuvuta mivukuto amekiona kitu hicho, na wenye viwanda vya taa Ujerumani walitaka jibu lake kwa namba. Hesabu za wakati ule zilishindwa. Ukizifuata mpaka mwisho zinakwambia kwamba kitu chochote chenye moto kingetoa urujuani, na mionzi iliyo mbele ya urujuani, bila kikomo. Jiko lako la mkaa lingekuua kwa mwanga kabla ugali haujaiva.

Jumapili tarehe 7 Oktoba 1900 rafiki yake, Heinrich Rubens, alikwenda kunywa chai kwa akina Planck akiwa na habari ya vipimo vipya. Jioni ile ile Planck akapata kanuni iliyokubaliana na vipimo. Wengi wetu tungeishia hapo, tukashukuru, tukaomba kupandishwa cheo. Yeye akajiuliza kwa nini inakubali. Miezi miwili hakupumzika. Na njia ikakata kona kuelekea nyumbani kwake.

Maana mtu huyu aliamini kwamba nishati ni kama maji ya ziwa: unachota kiasi chochote, nusu ya tone, nusu ya nusu, bila mwisho. Aliwatilia shaka waliosema vitu vyote ni punje punje, na Ludwig Boltzmann aliyezihesabu punje hizo kwa bahati nasibu hakuwa mtu wa upande wake. Sasa hesabu ikamwambia: haitoki ila kwa njia ya Boltzmann, na haitoki ila ukikubali kwamba nishati huuzwa kwa mafungu.

Mafungu, ndugu zangu! Mnayajua. Nenda sokoni: nyanya zimepangwa fungu fungu. Muuzaji hakukatii nusu ya fungu. Unachukua fungu zima au unapita. Sasa tazama soko la mwanga. Fungu la rangi nyekundu ni dogo, bei rahisi. La buluu ni kubwa zaidi. La urujuani ni kubwa kuliko hayo. Chuma chenye joto kidogo ni mtu mwenye shilingi chache mfukoni: anaweza kununua mafungu mekundu, lakini kwa muuzaji wa urujuani anapita tu akimezea mate. Ndiyo maana huanza na wekundu! Ongeza joto, umeongeza fedha mfukoni, na mafungu makubwa yanaanza kununulika. Tarehe 14 Desemba 1900 Planck alisimama mbele ya wanafizikia wa Berlin akasema hayo, kwa lugha yao. Baadaye alikiri kwamba alifanya hivyo kwa kukata tamaa, baada ya kila njia nyingine kufungwa. Na kwa miaka mingi alitafuta namna ya kuyarudisha mafungu kwenye ziwa lake la zamani. Hakuweza.

Wengine waliyabeba. Einstein mwaka 1905 alisema mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu. Bohr mwaka 1913 akayaingiza ndani ya atomu. Ilipofika 1925 fizikia mpya ikasimama kwa miguu yake, na kwa ajili hiyo Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2025 kuadhimisha miaka 100.

Mnaona ni habari za mbali? Tazameni ziwani usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Zamani mitumbwi ya dagaa ilibeba karabai, iliyotoa mwanga kwa kupashwa moto. Siku hizi ni taa za sola za LED, na ndani yake hakuna kinachochomwa: elektroni inashuka ngazi moja na kuachia fungu moja la mwanga, basi. Taa nyeupe ilichelewa sana kwa sababu fungu la buluu lilikuwa gumu kulipata. Waliolipata walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Dagaa wa Musoma wanavuliwa kwa hesabu ya Planck.

Na wanapimwa kwa hesabu hiyo hiyo. Kilo ya dunia ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haikai kabatini tena. Imefungwa kwenye namba ya Planck, ile inayosema fungu lina ukubwa gani. Ni ndogo ajabu: andika sifuri, weka nukta, ongeza sifuri 33, ndipo uandike 6 na tarakimu zinazofuata. Wewe unayechakachua mizani sokoni, ukamkata mjane gramu 50 za dagaa, unafikiri umemdanganya mjane na Wakala wa Vipimo peke yao!

Watu wa Butiama, msinune nikimtaja mtoto wenu. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa misiba ya jukwaani. Tafsiri yake ya mchezo wa Juliasi Kaizari ilitoka kwanza mwaka 1963. Lakini mimi namtaja kwa kijitabu kidogo cha mwaka 1962, wakati Uhuru haujamaliza hata miaka miwili, alipowaandikia wenzake wa TANU na kukiita Tujisahihishe. Chama kimetoka kushinda, nchi nzima inapiga vigelegele, na mkubwa wao anageuza taa inawamulika wao. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, akaandika tena hesabu ya yaliyotimia na yasiyotimia. Sababu za nje zilikuwapo, ukame na bei ya mafuta, naye alizitaja. Hakuishia hapo. Najua alikuwa na makosa yake. Wapo waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini ambao wanayahesabu mpaka leo, nami sitawanyamazisha. Nasema tu kwamba swali lilipokata kona kuelekea nyumbani kwake Mwitongo, lilikuta mlango haujakomewa.

Rudini nami kwa Planck mara ya mwisho. Mkewe alifariki mwaka 1909. Mwanawe Karl aliuawa vitani Verdun mwaka 1916. Binti yake Grete alifariki baada ya kujifungua, 1917. Pacha wake Emma akaolewa na mume aliyeachwa na Grete, akafariki vile vile, 1919. Mwaka 1945 serikali ya Hitler ikamnyonga mwanawe Erwin. Watoto wote wanne wa mama mmoja! Na mzee huyu alikuwa mzee wa kanisa. Angekuwa wa Bunda, nawaambia kweli, kufikia kaburi la pili tungekuwa tumeshamtafutia mchawi wake.

Tungemtafuta wapi? Mnajua. Tungemtafuta kwenye nyumba ya mama mzee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu.

Damu ya akina mama hao imemwagika katika kanda hii, Usukumani zaidi, lakini sisi tusijifiche nyuma ya Wasukuma. Wamekatwa kwa panga kwa sababu ya rangi ya jicho. Hebu tuulize swali la mhunzi: kwa nini ni mekundu? Ulizeni ni nini, jamani, msiulize ni nani! Ni moshi. Ni kuni mbichi na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, asubuhi na jioni, miaka 50. Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu aliwapikia ninyi.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa naogopa kufika.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu, upande wa Bunda. Mtoto wa boma la jirani alifariki. Jioni watu wakakusanyika kwa mama mmoja mjane wakamwambia jua lisizame yungali hapa. Hakuna aliyemgusa. Alitoka na sufuria mbili na mkeka, akashika njia ya barabarani, na sisi watoto tulisimama kando tukitazama. Mimi nilijua. Kaka wa marehemu alikuwa mwenzangu wa kuchunga, na alikuwa ameniambia tukiwa malishoni kwamba mdogo wake ana homa siku ya tano, na baba yao amesema zahanati wataenda fedha za pamba zikitoka. Nilikuwa nalo jibu lote, mdomoni. Palikuwa na wazee, palikuwa na mwalimu, palikuwa na watu wa kanisa. Ningeweza kusema.

Nilirudi nyumbani kumeshaingia giza. Mama alikuwa jikoni amepiga magoti, anapuliza moto uliokataa kuwaka. Aliposikia mlango aliinua uso, na ule moto ukashika ghafla, ukammulika. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya yule mama.

Akaniuliza nimetoka wapi.

Nikamwambia, kuchunga.