Sahani ya Sini na Mazingatio ya Mauti

Mauti hayahitaji mchoraji wala mshairi wa kuyatangaza. Jeneza hupita mbele ya milango yetu, na sote twaona. Lakini mwanadamu ni msahaulifu, na tangu zamani amejiwekea vitu vya kumkumbusha. Suala letu, ndugu msomaji, ni hili: ukumbusho wa mauti ukishakuwa pambo, je, bado wakumbusha?

Tutazame kwanza kwa wenzetu. Katika karne ya 17 Waholanzi walitajirika kwa bahari. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, na merikebu zake zikarejea na viungo, hariri na vyombo vya sini. Katika neema hiyo, wachoraji wa miji kama Haarlem na Leiden walichora meza zenye fuvu la kichwa, saa ya mchanga, mshumaa uliozimika karibuni, ua lililoanza kunyauka, na limau lililomenywa nusu, zuri kwa macho na kali kwa ulimi. Picha hizo huitwa kwa Kilatini vanitas, yaani ubatili. Maana yake: ewe mwenye mali, yote haya utayaacha.

Lakini picha hizo nazo ziliuzwa, zikatundikwa katika majumba ya wenye mali. Willem Kalf, aliyefariki Amsterdam mwaka 1693, alichora bakuli la Kichina liking'aa hata mtazamaji akalitamani. Basi kilichokuja kukataza ghururi kikawa chombo kingine cha kujifakhiri.

Tusiwacheke. Sini ya Uchina ilifika pwani yetu kabla ya kufika kwao. Wazee wetu waliipanga katika zidaka za majumba, na huko Kunduchi wakaipachika hata juu ya nguzo za makaburi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyatazama magofu ya Pate, alitunga Al-Inkishafi kuusia moyo wake: taa zimezimika, wenyeji wamo kaburini, na zidaka za sini zimekuwa makao ya ndege. Alichokichora Mholanzi kwa rangi, yeye alikiona kwa macho.

Na hapa Unguja kuna Maruhubi. Sayyid Barghash alilimaliza jumba lile mwaka 1882. Mwaka 1888 akafariki, na mwaka 1899 likaungua. Leo nguzo zimesimama bila ya dari, na wageni hupigia picha.

Hatusemi uzuri ni haramu. Huenda uzuri ndio unaomsimamisha mtu akatazama. Lakini kusimama si kuzingatia. Twaisikiliza Inkishafi, twasifu vina vyake na sauti ya msomaji, kisha twarudi kushindania vyombo. Twatundika ukutani aya iliyoandikwa kwa dhahabu, na chini yake twakaa kumsengenya jirani. Sura ya Takaathur imetuonya juu ya kushindana kwa wingi mpaka kaburini, nasi twaihifadhi tangu chuoni.

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kuzuru makaburi kwa kuwa hukumbusha Akhera. Basi ukumbusho haupimwi kwa machozi wala kwa uzuri wa maneno. Wapimwa kwa kile mtu anachokifanya akirejea nyumbani. Anayerejea maziarani akalipa deni la dukani, huyo amekumbuka. Anayeandika wasia wake ili wanawe wasije wakagombana juu ya mikarafuu, huyo amekumbuka. Anayemwendea nduguye waliyenuniana, wakasameheana wote wawili wangali hai, huyo amekumbuka kuliko mwenye picha mia za mafuvu.

Hapa kwetu Fumba nyumba mpya zajengwa, na kujenga ni kheri. Tujenge, tupambe, tuweke na sini tukipenda. Lakini kila chombo tukiwekacho rafuni tujiulize: nani atakiondoa hapo, na siku hiyo atakuta ninadaiwa nini?

Wabillahi tawfiq.