Aliyesamehewa Kazi: Je, Yafaa Kutembea Bure?

Wahenga wetu hawakupatana juu ya jambo la kutembea. Mmoja alisema kwamba mtembezi hula miguu yake, yaani aendaye huku na huku pasipo shughuli hujichosha bure, na mwisho hana alichokichuma. Mwingine akasema kutembea kwingi ni kuona mengi. Sisi walimu huwapa wanafunzi methali hizi mbili, tukawataka wachague moja na kuitetea katika insha. Kisha twasahihisha, twatia alama, twafunga daftari. Ni nadra sisi wenyewe kuwekwa mbele ya swali hilo tukatakiwa tulijibu kwa matendo.

Aliyetuweka mbele yake ni mzee wetu, mwalimu mstaafu aliyetufundisha sarufi tulipokuwa vijana. Alishika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Barabara iendayo kusini kutoka Bujumbura hadi Rumonge, mwendo wa kilomita zipatazo 75 kando ya Ziwa Tanganyika, aliijua kwa kuipita: alipeleka karatasi za mitihani, alihudhuria mikutano, alikwenda mazishini. Siku moja alituambia, "Mwanangu, njia ile nimeipita mara nyingi mno, wala sijapata kuiona. Nipeleke siku moja. Twende polepole, na tukifika tusiwe na la kufanya."

Ombi hilo lilitufurahisha, kisha likatutia mashaka. Katika miaka hii ya karibuni petroli imekuwa adimu nchini Burundi, na foleni zake zimewazoesha watu kulala garini. Hiyo kidogo tuliyokuwa nayo tuliipata kwa kungoja siku mbili. Je, haingefaa zaidi kumpeleka mgonjwa hospitalini? Twasikia kwamba ziko nchi ambako wastaafu wenye mali huendesha gari kutwa kando ya pwani za jangwa, kama ile ya Namibia, wakitazama mchanga na mawimbi, na hakuna awalaumuye, kwa kuwa njiani hamna mtu. Ufuo wetu si jangwa. Kila hatua pana mtu, na kila mtu ana mzigo. Yafaa kweli mtu apite katikati ya wafanyao kazi, yeye akitazama tu?

Kabla ya kujibu, na tuyachunguze maneno, maana hiyo ndiyo kazi tuliyosomea. Neno kustaafu tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kuomba kusamehewa, kuomba kuondolewa wajibu. Basi mstaafu si mtu aliyekwisha. Ni mtu aliyesamehewa. Neno shule nalo limesafiri mbali zaidi. Liliingia katika lugha yetu kutokana na neno la Wajerumani, Schule. Na Kirundi, lugha ya nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani hao hao hadi mwaka 1916, husema ishure. Wajerumani walilipata kwa Kilatini, na Kilatini kwa Kiyunani, ambako maana yake ilikuwa wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyesukumwa na shughuli. Ajabu iliyoje! Sisi tunaoendeshwa na kengele kutwa, twafanya kazi katika nyumba ambayo jina lake ni wasaa.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani hao, alifundisha kwamba mtu hujishughulisha ili apate wasaa, wala si kinyume chake. Fundisho hilo ni zuri, lakini tusisahau kwamba mwalimu huyo aliishi katika mji ambamo watumwa walifanya kazi ili mabwana wapate kufikiri, naye aliuona utumwa huo kuwa jambo la haki. Basi shaka yetu juu ya petroli ni shaka ya zamani sana. Wasaa wa mmoja hulipwa na jasho la nani?

Tuliondoka alfajiri mwezi wa Septemba, mvua zikiwa hazijaanza. Ziwa lilikuwa kuliani kwetu, milima kushotoni, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo ilionekana kwa shida katika utusitusi. Huko Mugere, si mbali na Bujumbura, tulisimama penye jiwe kubwa linalokumbusha kwamba Livingstone na Stanley walilala hapo mwezi wa Novemba mwaka 1871, katika safari yao ya kuchunguza upande wa kaskazini wa ziwa. Mzee aliyasoma yaliyochongwa, akakaa kimya, kisha akasema, "Walilala siku mbili, wakaandikwa. Waliowapokea hawakuandikwa." Tulikuwa tumepita hapo mara nyingi, na wazo hilo halikupata kutujia.

Tuliendelea kwa mwendo wa baiskeli, maana baiskeli ndizo zilizokuwa nyingi barabarani, zikibeba madumu ya mawese, matano au sita kila moja. Penye Gitaza, mahali ambapo milima hukaribia maji, tulikumbuka maporomoko ya ardhi ya mwaka 1015 na arobaini? La, kumbukumbu hii ni ya juzi tu: ni ya mwaka 2015, ambapo watu walipoteza nyumba zao. Huko Magara na Minago tuliwaona wanawake wakigeuza ndagala waliotandazwa juani, wale samaki wadogo ambao jirani zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Waume zao walikuwa wamelala, kwa kuwa samaki hao huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mzee aliuliza bei, akauliza habari za wavu, akauliza habari za watoto. Hakununua kitu, na hakuna aliyechukizwa. Tulianza kufahamu kwamba mtu asiye na haraka huuliza maswali ambayo mwenye haraka huona haya kuyauliza.

Tulipokaribia Rumonge, michikichi ilitanda pande zote mbili. Mzee aliomba tusimamishe gari kando ya shamba moja, akashuka, akasimama akiitazama miti kwa muda mrefu. Akatokea mtu wa makamo, panga mkononi, akatusalimu kwa Kiswahili safi cha ng'ambo ya mpaka: "Shikamoo, mzee. Mwamtafuta nani?"

"Marahaba, mwanangu. Hatumtafuti mtu. Twatembea tu."

Yule bwana hakucheka. "Mzee, samahani," alisema. "Huku hasimami mtu kutazama shamba ila ana shamba la kudai."

Wasomaji wengine huenda wasiufahamu uzito wa maneno hayo. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza katika sehemu hizi za kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na waasi wakawaua Watutsi wengi. Serikali ya wakati ule ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu nchini kote, na hasa waliandamwa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengine walikimbilia Tanzania kwa maelfu. Nyuma yao mashamba yao yalikaliwa na watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Baada ya mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 wengi walianza kurudi, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya kuamua kesi za ardhi. Wengine hawakurudi, mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 miongoni mwao. Yule bwana alikuwa miongoni mwa waliorudi. Alikuta familia nyingine katika shamba la baba yake, na baada ya mabishano marefu wakagawana nusu kwa nusu. "Wao nao walizaliwa hapa," alituambia. "Ningewafukuza waende wapi?"

Hapo ndipo mzee alipotueleza alilolijia, ambalo hata sisi hakuwa ametuambia. Mwaka huo wa 1972 alikuwa mtoto wa miaka tisa, akisoma shule ya msingi si mbali na hapo. Mwalimu wao aliita majina kila asubuhi. Wiki ya kwanza majina fulani hayakuitikiwa. Wiki ya pili mwalimu hakuyaita tena. Wiki ya tatu alikuja mwalimu mwingine, akiwa na daftari jipya. "Nimeita majina ya watoto maisha yangu yote," alisema mzee, "na kila nilipopita hapa nilikuwa nimechelewa mahali."

Maneno hayo yalituchoma sisi zaidi kuliko alivyodhani. Tuliwahi kuwa na mwanafunzi aliyerejea kutoka Tanzania pamoja na wazazi wake. Katika Kiswahili alituzidi hata sisi tuliomfundisha. Katika Kifaransa hakuwa na lolote, na mwisho wa mwaka akashindwa. Tuliisifu insha yake mbele ya darasa. Hatukumwuliza hata siku moja amelala wapi, wala familia yake inalima shamba la nani. Tulikuwa na ratiba ya kumaliza. Haraka yetu ilikuwa na sababu njema, na kwa ajili hiyo hatukuitilia shaka.

Basi tulirudie swali letu. Yafaa kutembea bure? Wako wasemao kwamba mstaafu ana haki ya starehe kwa kuwa ameitolea jasho. Sisi hatulikubali jibu hilo moja kwa moja. Kama starehe ni ujira, basi yule mama mwenye ndagala, ambaye hatastaafu kamwe kwa kuwa hakuna aliyemwajiri, hatalipwa daima. Na wako wasemao kwamba asiyefanya kazi hana haki ya kutazama. Nao hawasemi kweli. Mambo mengi yaliyotendeka kando ya barabara ile yalidumu kwa sababu watu wema walipita wakiwa na kazi.

Twaona hivi: mstaafu amesamehewa kazi, lakini hakusamehewa kuona. Tena kazi ikisha kuondolewa, kuona ndiko kunakobaki, na huenda ndilo deni lililokuwapo tangu mwanzo. Wasaa hauhalalishwi na jasho lililoutangulia, bali na kile ambacho mwenye wasaa anakubali kukitazama. Anayepita polepole ili maji na michikichi vimpendeze macho, akageuza uso apoona mtu, huyo amekula miguu yake kweli. Anayepita polepole akakubali kuulizwa "Wamtafuta nani?" naye akajibu kwa ukweli, ameifanya kazi ambayo hakuna ofisi iwezayo kumtuma.

Hata shaka ya petroli ilipata jibu dogo. Wakati wa kurudi mzee alikataa gari liende na viti vitupu. Tulimchukua mama mmoja na mtoto wake na madumu yake mawili ya mawese, kisha kijana aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda Kabezi. Gari lilinuka mawese kwa wiki nzima. Mwenye haraka hupita watu wa namna hiyo kila siku, wala si kwa ubaya, hawaoni tu.

Walimu wenzetu, wengi wetu tuna miaka arobaini na kitu, na tumejizoesha kusema kwamba mambo fulani tutayatazama tukistaafu. Mzee wetu alingoja, akabahatika kuwa na afya na macho. Si wote watakaobahatika. Wala si lazima tungoje petroli na ziwa. Kesho asubuhi tutafungua daftari na kuita majina. Jina moja lisipoitikiwa, na tusiliruke kwa sababu kengele imelia.