Amepona kwa Kipimo Gani?

Huko Baringo na Pokot Magharibi, mgonjwa wa kala-azar, maradhi ya vimelea yanayoenezwa na usubi, hudungwa sindano mbili kwa siku, siku 17 mfululizo. Homa inatulia, bandama iliyojaa tumboni inanywea, hamu ya kula inarudi. Mpime tena kwa kile kipimo cha haraka cha rK39 kilichomgundua: mstari utajitokeza vilevile, na huenda ukaendelea kujitokeza kwa miaka. Kipimo hakijakosea. Kinachotafutwa ni kingamwili, na kingamwili ni kama daftari la duka ambamo jina la mdaiwa halifutwi hata akishalipa.

Ndiyo maana watafiti huzisaka alama nyingine za kinga, zinazofuata ugonjwa unavyokwenda. Intalukini-10, kwa mfano, hupanda vimelea vinapotamba, ikizipooza chembe zilizopaswa kuviua. Dawa ikifanya kazi, nayo hushuka. Mimi hunivutia zaidi kipimo cha kizamani cha leishmanini. Vimelea vilivyouawa hudungwa kwenye ngozi ya mkono, kisha baada ya saa 48 hadi 72 hutazamwa kama pamevimba. Mgonjwa aliyezidiwa havimbi: mwili umejaa vimelea na ngozi haina habari. Miezi kadhaa baada ya matibabu, wengi huvimba. Hapa jibu la “ndiyo” ni habari njema! Asiyejua swali lililoulizwa anaweza kulia siku ya kushangilia.

Lakini kuna gumu zaidi. Tumezoea kudhani kwamba kupona ni vimelea kwisha. Mbona basi mtu aliyepona kala-azar zamani huweza kurudiwa nayo VVU vinapoiangusha kinga yake, hata bila kuumwa upya na usubi? Vimelea vilikuwemo muda wote, vichache, vimebanwa. Kwa hiyo alama ya kinga haiwezi kutuambia kwamba mwilini hamna kitu. Inatuambia nani kwa sasa ana nguvu juu ya mwenzake. Naona jibu hilo ni la kweli kuliko lile tulilolitaka, ingawa haliandikiki vizuri kwenye kadi ya kliniki. Mwenye afya ni yule ambaye mwili wake unashinda leo bila yeye kujua, na kesho itabidi ushinde tena.

Sudan inalitatiza hata hilo. Huko, hadi nusu ya waliotibiwa hutokwa na vipele, kwa kawaida vikianzia usoni, kinga iliyoamka inapokutana na vimelea vilivyosalia ngozini. Mtu hana homa, bandama haionekani, shambani anakwenda. Mara nyingi vipele hujiondokea vyenyewe, na wauguzi humwacha bila dawa, maana dawa nazo zina sumu yake. Ila usubi akimuuma anaweza kuvibeba vimelea hadi kwa mwingine. Kwake yeye kinga imefanya kazi yake. Kwa mtoto anayelala naye uani, kala-azar ingali nyumbani.