Barakoa na Nafsi: Alec Guinness na Ukweli wa Mwigizaji

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyarithi kutoka ulimwengu wa kale, limo moja ambalo halijapata kutulia, nalo ni iwapo mtu anayejivika hali ya mtu mwingine mbele ya hadhara anasema uongo kwa kazi yake yenyewe. Katika Kigiriki, neno lililomtaja mwigizaji wa jukwaani ndilo lililotumika katika Injili kwa maana ya mnafiki. Katika Kilatini, barakoa ya mwigizaji iliitwa persona, na Tertullian wa Carthage, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 3, aliandika kitabu kizima cha kuyalaani maonyesho ya michezo, kisha yeye huyo huyo akalichukua neno hilo la barakoa akalitumia kuueleza Utatu Mtakatifu. Wakristo wanaosali kwa Kiswahili wakisema kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, wanafuata mapokeo ambayo ndani yake neno la jukwaani liligeuka kuwa neno la kumtajia Mungu.

Shutuma dhidi ya waigizaji zimekuwa za namna mbili. Ya kwanza ni ya kidini, kwamba mwigizaji ni mwongo, na kwa sababu hiyo Kanisa la Ufaransa liliwanyima waigizaji maziko ya heshima kwa muda mrefu, hata mwigizaji Molière alipofariki mwaka 1673 ilimlazimu mfalme kuingilia kati ili azikwe, tena usiku. Ya pili ni ya kifalsafa, na pengine ndiyo nzito zaidi. Diderot, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 18, alidai kwamba mwigizaji bora hahisi chochote anapowatoa watu machozi, na kwamba anaweza kuwa kila mtu kwa kuwa yeye mwenyewe si mtu yeyote. Kwa madai hayo kosa la mwigizaji linapita kuificha nafsi yake: hana nafsi ya kuificha.

Ikiwa yupo mwigizaji ambaye maisha yake yanaonekana kulithibitisha dai la Diderot, basi ni Mwingereza Alec Guinness. Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914, na katika hati yake ya kuzaliwa nafasi ya jina la baba iliachwa wazi. Utotoni alitumia jina la baba wa kambo, akafikia umri wa miaka kama 14 kabla ya kutambua kwamba jina lililoandikwa humo ni Guinness. Mtu aliyeanza maisha bila uhakika wa jina lake alikuja kuwa bingwa wa kuazima majina ya wengine. Mwaka 1948 alikuwa Fagin, mzee anayefundisha watoto wizi katika filamu ya Oliver Twist, na mwaka uliofuata, katika Kind Hearts and Coronets, aliigiza jamaa wanane wa ukoo mmoja wa kikabaila, akiwemo mwanamke. Mwigizaji wa aina hii, ambaye hategemei sura wala haiba yake bali huumba wahusika wasiofanana, huanzia nje kwenda ndani, na Guinness alijulikana kwa kutafuta kwanza namna mhusika anavyotembea. Alipokuwa yeye mwenyewe alikuwa mpole, msiri, mwenye uso ambao watu waliupita barabarani bila kuutambua. Hata kitabu cha kumbukumbu zake za siku alichokitoa mwaka 1996 alikipa jina lenye maana ya kwamba jina lake limemponyoka.

Hata hivyo, lipo tukio alilolisimulia mwenyewe ambalo linaligeuza swali zima. Alipokuwa Burgundy, Ufaransa, akiigiza padri katika filamu ya Father Brown iliyotoka mwaka 1954, alikuwa akirejea jioni moja akiwa bado amevaa kanzu ya upadri, na mtoto asiyemjua akamkimbilia, akamwita padri, akamshika mkono, akatembea naye huku akiongea bila kukoma, kisha akaaga na kwenda zake. Guinness, ambaye wakati huo hakuwa hata Mkatoliki, alijiuliza ni Kanisa gani hilo ambalo vazi lake tu linamfanya mtoto aondoe hofu kwa mtu baki.

Swali la kweli linaanzia hapa, wala halipaswi kupitwa haraka. Mtoto yule alikosea kuhusu mtu, lakini je, alikosea kuhusu vazi? Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilikwisha kugombana juu ya jambo la jinsi hii katika karne ya 4 na ya 5, pale Wadonati waliposhikilia kwamba sakramenti, yaani ishara takatifu zinazoleta neema, hubatilika zikitolewa na mhudumu aliyeisaliti imani. Mtakatifu Augustino aliwajibu kwamba anayebatiza kwa hakika ni Kristo, na mhudumu ni mkono tu. Kwa mafundisho hayo, padri altareni hatendi kwa jina lake, bali hutamka maneno ya mwingine, amevaa vazi lisilo lake, na anapofika kwenye mageuzo ya mkate na divai husema “mwili wangu” wala hasemi “mwili wake”. Hili halina maana ya kwamba padri ni mwigizaji, kwa kuwa sakramenti hutenda kile inachokiashiria na mchezo hautendi. Lakini linaonyesha kwamba kuiazima nafsi ya mwingine si uongo kwa asili yake, na kwamba Kanisa lililomwogopa mwigizaji lilikuwa na sababu ya kumwelewa kuliko taasisi nyingine yoyote.

Guinness alipokewa katika Kanisa Katoliki mwezi Machi 1956. Njia yake ilipitia pia maradhi ya mwanawe wa pekee, Matthew, aliyepooza kwa polio akiwa na umri wa miaka 11, na baba akawa akiingia katika kanisa dogo na kuweka nadhiri kwamba mtoto akipona, hatamzuia akitaka kuwa Mkatoliki. Mtoto alipona na akatembea.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1956 Guinness alikwenda Sri Lanka, iliyoitwa Ceylon wakati ule, kuigiza The Bridge on the River Kwai, filamu iliyompa tuzo ya Oscar. Mhusika wake, Kanali Nicholson, ni mateka wa vita anayetetea sheria kwa ushujaa, kisha kwa ajili ya heshima hiyo hiyo anawajengea maadui daraja bora, bila kuona kwamba uadilifu wake umekuwa barakoa iliyogandamana na uso. Huyu ndiye mnafiki wa Injili, ambaye anajidanganya yeye kwanza. Kanali anapotolewa katika kibanda cha bati alimofungiwa kwenye jua kali, anatembea kwa miguu migumu, akiyumba, akijitahidi kusimama wima, na mwendo huo Guinness aliuchukua kwa Matthew alipokuwa akijifunza upya kutembea baada ya polio.

Dai la Diderot haliwezi kusimama mbele ya hatua hizo chache. Mtu asiye na nafsi asingekuwa na mwendo huo wa kuutoa, kwa maana haukuokotwa mtaani, bali ulitoka mahali pa hofu yake kubwa na shukrani yake kubwa, ukakabidhiwa kwa kanali wa kubuniwa bila mtazamaji kuambiwa ulikotoka. Guinness mwenyewe aliihesabu sehemu hiyo kuwa miongoni mwa kazi zake bora kabisa.