Mabati ya Lunga Lunga

Mwaka 2022 mpwa wangu, anayesomea uuguzi Ujerumani, alinitumia picha kwenye simu. "Shangazi, hebu tazama, uniambie hapa ni wapi." Niliona ujia mwembamba wenye giza, kuta zake mabati yaliyoshika kutu. Nikamjibu papo hapo: Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi.

Kumbe ni Kassel, hukohuko Ujerumani, kwenye mlango wa ukumbi mmoja wa documenta, maonyesho ya sanaa ya kisasa yaliyoanza 1955 na ambayo siku hizi huja kila baada ya miaka mitano, yakadumu siku 100. Lakini mikono iliyojenga ujia ule ilitoka Mukuru kweli: ni kundi la sanaa la Wajukuu la Lunga Lunga, hukohuko Mukuru, na mwaka huohuo walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, yenye jina la mwasisi wa maonyesho hayo.

Wako watu wanaopanga likizo yao kwa kufuata sanaa, mwaka huu Venice, mwingine Kassel. Mpwa wangu amekuwa mmoja wao, nami nikaingiwa na hamu. Nikafungua daftari, nikaandika nauli, viza, malazi. Kalamu ikakwama hapo. Kutoka kwangu Athi River hadi Lunga Lunga ni safari ya matatu na kipande cha boda, na miaka yote niliyopita Barabara ya Mombasa nikienda kazini, sikuwahi kushuka.

Huku kwetu vumbi la saruji hutua juu ya mabati hadi mvua iyaoshe. Nimelala chini yake tangu utotoni, nisidhani kuna mtu angesimama kuyatazama. Wageni wa Kassel waliyatazama kabla yangu. Hilo limeniuma, na bado linaniuma.

Sisemi safari ya mbali haina maana. Mpwa wangu aliniambia alipotoka kwenye ujia ule alikaa kwenye ngazi akalia, akikumbuka nyumbani, na machozi yale yalimfaa. Documenta itarudi Juni 2027, nami naendelea kuweka akiba.

Ila ukurasa wa kwanza wa daftari nimeuandika upya. Kuna Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Elimo Njau iliyoko Nairobi tangu miaka ya sitini, na mbele ya yote kuna Lunga Lunga. Agosti shule zikifungwa tunaanzia huko. Watoto nimewaambia tutashuka mapema, tuingie kwa miguu, polepole.